Riwaya ya Kufungia Karanga

"Hakuna herufi chini ya jua nisiyoijua," alitangaza Kuluthumu binti Ngollo kwenye kipaza sauti, uwanja mzima wa Ipuli ukimsikiliza. "Nipeni karatasi yoyote iliyoandikwa, hata hiyo ya kufungia karanga. Nitawasomea, na nitawaambia kama inasema kweli au inasema uongo."

Hayo hayakuwamo kwenye hotuba. Ilikuwa siku ya kugawa vyeti vya kisomo, mwaka sabini na tatu, na mwalimu wao Bernardo alikuwa amemwandikia mistari miwili ya kushukuru chama na serikali. Kuluthumu aliimaliza pumzi zikiwa bado zipo, kipaza sauti kingali mkononi, na mgeni rasmi bado anatabasamu. Mtu wa kawaida hapo hurudi kukaa.

Aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa mumewe, Lukumani, fundi mwashi, mtu mrefu wa maneno machache, ambaye yeye mwenyewe alikataa kwenda kisomoni. Sababu alikuwa nayo. Utotoni alisomeshwa chuoni, akazijua herufi za Kiarabu, na kwa herufi hizo aliandika Kiswahili chake chote: vipimo vya kuta, majina ya watoto wa dada zake, siku mvua ya kwanza iliponyesha. Waandikishaji wa kisomo walipopita nyumba kwa nyumba walilitazama daftari lake, wakaona mikunjo na nukta, wakamtia kwenye safu ya wasiojua kusoma. Hakubishana nao. Alisema tu kwamba kama yeye hajui kusoma, basi aliyeandika daftari lile atafutwe ashtakiwe kwa kuingia nyumbani mwa watu.

Safu hiyohiyo alitiwa Bi Swaumu, jirani yao, muuza karanga, binti wa mwalimu wa chuo, aliyekuwa amekwisha kuhitimu msahafu kabla mama zao waandikishaji hawajaota meno. Siku ya vyeti alikaa ukingoni mwa uwanja na sinia lake, akasikia karatasi zake zinatajwa kwenye kipaza sauti, na hakupiga makofi. Mikono ilikuwa na chumvi, alieleza baadaye.

Miezi miwili baada ya sherehe Lukumani alipata kazi kwenye reli mpya ya kwenda Zambia, kujenga nyumba za stesheni upande wa Mlimba. Miezi sita, alisema. Akatia mwiko, timazi na pimamaji ndani ya gunia, akapanda treni.

Kungoja ni kazi wanayoijua wanawake wa Tabora. Bibi zao waliwangoja wapagazi waliokwenda pwani na meno ya tembo mabegani, wakarudi baada ya miaka miwili na doti mbili za kitambaa cha marekani, kikohozi, na mke wa Kizaramo. Bibi yake Kuluthumu mwenyewe aliletewa mke wa namna hiyo. Wakapatana, na kuanzia siku hiyo mzee wa watu akawa anashindwa kura katika kila jambo nyumbani mwake. Lakini hiyo ni hadithi ya kuchekea ikiwa imempata bibi. Kuluthumu alikuwa na miaka saba ya ndoa bila mtoto, na ndugu wa mume walishaacha kunong'ona. Sasa walikuwa wakilisema jambo hilo kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaozungumzia bei ya chumvi. Kwa hiyo kila alipofagia ua alikuwa na swali moja tu, naye akalifagia kutoka pembe hii hadi ile bila kulitoa nje: Lukumani atarudi peke yake, au atarudi na mtu?

Barua ya kwanza ilifika mwezi wa kumi na moja. Ilikuwa na mwandiko mzuri wa Silasi, karani wa stoo kule kambini, Mmoraviani wa Sikonge ambaye Lukumani alifanya naye urafiki njiani. "Mpenzi wangu Kuluthumu," ilisema, "tangu nilipokuacha, moyo wangu ni kama nyumba iliyong'olewa madirisha. Upepo unaingia utakavyo na kutoka utakavyo, na mimi sina la kuufanya."

Kuluthumu aliisoma mara nne, kidole kikitangulia. Kwa miaka saba Lukumani alikuwa hajamwita mpenzi. Alimwita "wewe," na siku akifurahi sana, "we mwanamke." Lakini hayo madirisha yalimpa imani. Ni fundi, atasema nini kingine.

Chini ya ukurasa palikuwa na mwandiko wa pili, wa wino wa buluu: mistari mitano ya herufi za Kiarabu. Hapo Kuluthumu hakuhitaji kuuliza. Yeye alikulia Itetemia, akahifadhi sura zake kwa sikio, nyuma ya kaka zake, bila kuonyeshwa herufi hata moja. Ukiacha daftari la Lukumani, ambalo aliliona ni alama za mafundi tu, herufi zile alikuwa amezionea mahali patatu tu: ukutani msikitini, ndani ya hirizi, na kwenye sahani ya kombe, dua inayooshwa kwa maji mgonjwa akanywa. Zote za heshima. Mume amemwandikia dua. Aliibusu, akaiweka chini ya mto.

Mwezi wa kumi na mbili akashikwa na homa, ile ya kutetemesha kitanda. Alitafuta mkasi, akakikata kile kipande cha chini, akakitia kwenye bakuli la maji ya kisima. Wino ukaachia, maji yakawa rangi ya sare za shule. Akafumba macho, akanywa mpaka tone la mwisho, kama kombe linavyonywewa. Siku ya tatu homa ikapoa. Alimshukuru Mungu, kisha Lukumani.

Ni wakati wa kupona huko ndipo alipoanza kusoma kama mtu anayekimbizwa. Sanduku la vitabu la kisomo alilimaliza lote: pamba, nyuki, uji wa watoto, choo cha shimo. Kitabu cha tumbaku alikisoma mara mbili, na tumbaku hakuwa nayo hata mche. Vilikuwamo na vijitabu viwili vya wapelelezi na wezi, akavimeza kwa wiki moja. Na vyote, kwa kadiri alivyoweza kupima, vilisema kweli. Kitabu cha choo kilisema shimo liwe futi kumi na mbili, na lile alilochimba Lukumani kabla hajasafiri ni futi kumi na mbili, na choo kipo, nenda kakione. Sanduku lilipokwisha alibaki na alasiri ndefu na ufagio. Ndipo akaenda kwa Bi Swaumu.

"Shikamoo, Bi Swaumu."

"Marahaba. Umekuja kunisomea karatasi za karanga? Mbona huna kipaza sauti?"

Kuluthumu alijifanya anafunga upya kanga. Pembeni ya sinia palikuwa na rundo la karatasi kuukuu ambazo Bi Swaumu hupimiwa kwa kilo, mafaili na madaftari ya maofisini, na katikati ya rundo kitabu kinene kisicho na jalada. Alikifungua.

"Hiki nacho unakichana?"

"Kwani kina tofauti gani? Ndani kuna nini?"

"Kuna mtu anaitwa Hamduni. Amemwacha mkewe kwao, kaenda Dar es Salaam kutafuta kazi."

"Haya. Soma, mwanangu, sikukatazi. Lakini wateja wangu hawabebi karanga viganjani. Kitabu hakitoki barazani hapa. Kila siku niambie umemaliza karatasi ngapi, nichane hizo, wewe uendelee na zilizobaki."

Yakawa makubaliano. Kila baada ya sala ya alasiri Kuluthumu alikaa barazani kwa Bi Swaumu, akafungua penye unyoya wa kuku alioweka alama, akasoma kwa kidole. Akimaliza alisema, "Leo mbili," na Bi Swaumu, kwa uangalifu wa mtu anayechambua mchele, alichana karatasi mbili. Mwingine angejiuliza mbona upande wa kushoto wa kitabu unazidi kunenepa. Kuluthumu alikuwa msomaji mpya: jicho halikutoka mstarini, na yaliyopita aliyaona yamekwisha pita.

Batuli, jirani na mwenzake wa kisomoni, alianza kuingiwa na wasiwasi.

"Shoga, huyu Hamduni unayemtaja kila siku ni nani?"

"Mtu wa Dar."

"Unamjua?"

"Namsoma."

"Si hadithi hiyo?"

Kuluthumu alilifikiria hilo. Hadithi alizijua. Hadithi ina sungura, na sungura hasemi, ndipo unapojua kwamba ni hadithi. Hamduni alipanda basi akateremka Kariakoo, na Kariakoo ipo, shemeji yake Batuli alishaibiwa saa pale. Hamduni alipanga chumba, na namba ya nyumba imetajwa. "Mtu akitaka kudanganya," alisema, "atataja namba ya nyumba?"

Batuli aliondoka amekereka.

Kisha ikaja ile siku ya ukurasa wa sitini na moja. Hamduni, baada ya kupata kazi katika duka la vipuli vya baiskeli, aliketi akamwandikia barua mkewe, Mwanamkuu. "Mpenzi wangu Mwanamkuu, tangu nilipokuacha, moyo wangu ni kama nyumba iliyong'olewa madirisha."

Kuluthumu aliinuka, akavuka njia hadi kwake, akarudi na barua ya Lukumani. Akaweka kitabu upande huu na barua upande ule, vidole viwili vikitembea pamoja kama ng'ombe wa plau. Upepo unaingia utakavyo. Sina la kuufanya. Neno kwa neno mpaka salamu za mwisho. Kilichobadilika ni jina la mke tu.

Na kitabu kiliendelea pale barua ilipokoma: "Alipokwisha kuilamba bahasha, Hamduni alivaa shati lake jeupe, akaenda kwa Eustadia."

"Leo ngapi?" aliuliza Bi Swaumu.

Kuluthumu alikirudisha kidole kwenye jina la Eustadia.

Usiku ule na siku mbili zilizofuata alijaribu kulipanga jambo hili kichwani, likawa kila linapokaa linaanguka. Kwanza alifikiri Hamduni ameiba barua ya Lukumani. Lakini kitabu kilikuwa kimeota ukungu, na barua ilikuwa mpya. Akafikiri basi Hamduni ndiye Lukumani, mtu kaandikwa kitabuni na jina kabadilishwa kwa kumstahi. Lakini Hamduni ni mfupi, na anaogopa mbwa. Akampelekea Batuli.

"Mimi naona hivi," alisema Batuli, akichambua uyoga. "Wanaume wote wakisafiri wanapewa barua moja. Kama fomu. Wanajaza jina la mke."

"Na huyo Eustadia?"

"Naye atakuwa kwenye fomu."

Barua ya pili ilifika mwezi wa kwanza. "Hapa nilipo jua linachomoza bila wewe," ilianza, "na mimi nalionea haya." Chini yake, tena, mistari mitatu ya herufi za Kiarabu. Safari hii hakuwa na homa, akaikunja akaihifadhi. Sentensi ya jua aliitafuta kichwani mwake, katika kurasa alizokwisha kusoma, hakuikumbuka. Basi iko mbele. Na kama iko mbele, na yatakayofuata baada yake yako mbele: kama Hamduni atarudi kwa Mwanamkuu, na kama akirudi atakuwa peke yake.

Akaanza kusoma kama anayefukuza kuku. "Leo tano." "Leo sita."

"Umeingiwa na nini?" aliuliza Bi Swaumu, akichana. "Karanga zenyewe hazinunuliwi upesi hivyo."

Alasiri moja Kuluthumu alifunua ukurasa wa tisini na mbili, na baada yake hapakuwa na kitu. Palikuwa na uzi, gundi, na goti la Bi Swaumu.

"Bi Swaumu. Mwisho uko wapi?"

"Si huo ulioushika mkono wa kushoto?"

"Huu ni mwanzo. Nimeanzia hapa."

Bi Swaumu alikichukua kitabu, akakigeuza polepole, akakitazama kwanza upande huu halafu ule, kama mtu aliyeletewa mtoto asiyefanana na watu wa kwao. "Kitabu kinafunguliwa kutoka kulia, mwanangu. Tangu niko mdogo. Nimekuwa nachana kulia, kurasa za kwanza, zile ulizosoma."

"Za kulia ni za mwisho. Umekuwa ukichana nitakazosoma."

Walikishika wote wawili, kila mmoja ncha yake. "Nilikuwa nachana kwa uangalifu," alisema Bi Swaumu, na ilikuwa kweli. Kurasa zote ambazo Kuluthumu aliziaga zilikuwapo, safi, zimepangana. Nusu ya pili ya maisha ya Hamduni ilikuwa imekwisha kuliwa na chumvi.

Wiki mbili Kuluthumu alizunguka mji akiinama. Stesheni, sokoni, uwanja wa mpira siku ya mechi, popote watu wanapotafuna karanga. Wengine walisema amerogwa. Mfaume, balozi wa nyumba kumi, alimtaja kwenye mkutano kama mfano wa mwananchi anayejali usafi wa mji, Kuluthumu akapigiwa makofi kwa mara ya pili katika maisha yake, na safari hii hakuyataka. Alipata karatasi saba zenye mafuta, hazifuatani. Katika moja Eustadia anashona nguo za mtoto, haikusemwa wa nani. Katika nyingine kuna mazishi, na anayezikwa anaitwa "marehemu" toka juu mpaka chini. Katika nyingine Mwanamkuu anapika wali wa wageni. Kuluthumu alizipanga mkekani hivi, Hamduni akafa na kisha akaoa. Akazipanga vingine, akaoa na kisha wageni wakaja mazishini kula wali. Na katika ukurasa wa mia na kumi na nane alilikuta jua linachomoza bila wewe, zima, mpaka nukta. Mstari uliofuata ulisema, "Hamduni aliicheka barua yake mwenyewe." Hapo palichanika.

Akachukua kalamu. "Mume wangu Lukumani. Barua zako mbili nimezipata. Nimefika ukurasa wa mia na kumi na nane. Msalimie Eustadia. Wako, Kuluthumu." Hakuongeza neno. Aliona ameandika yote.

Jibu lilikuja mwezi wa tatu, siku ya kumi na saba, wakati watu wamepanga foleni ya unga wa njano na kila mtu ana hasira na rangi hiyo. Sehemu ya Silasi ilikuwa fupi, na mwandiko ulikuwa umenywea.

"Shemeji, salaam. Kosa ni langu. Lukumani alikuwa akiniambia niandike maneno mawili: niko salama, kazi inaendelea. Niliona haya kukutumia maneno mawili kwenye karatasi nzima, nikachota kwenye kitabu changu. Hapa hakuna Eustadia. Kuna mimi, na wenzetu wa China, na mbu."

Baada ya hapo, kurasa mbili nzima, mbele na nyuma, zilikuwa za wino wa buluu na herufi za Kiarabu.

Kuluthumu alizitazama mpaka zikaanza kutembea. Dua gani hii ya kurasa mbili? Hata maiti hasomewi hivyo. Na katikati, mahali fulani, mwenye kalamu alikuwa amekata neno, akaandika jingine juu yake. Nani anakosea dua akaikata? Siku mbili aliibeba barua ile kwenye upindo wa kanga, akijua mlango wa kuipeleka, na kila akiukaribia mlango akisikia sauti yake mwenyewe kwenye kipaza sauti. Siku ya tatu akaenda.

"Bi Swaumu, naomba unisomee barua."

"Sema upande huu. Sikio lile siku hizi halinisaidii."

"Naomba unisomee barua ya mume wangu. Sijui kuisoma."

Bi Swaumu alifuta mikono, akaipokea, akaisogeza mbali na macho. Hakucheka. Akasoma moja kwa moja, kwa sauti ya mtu anayeamrisha darasa:

"'Kuluthumu. Silasi ameniambia aliyoyafanya, na siku mbili simpi chai. Mambo yangu mimi sikumpa ayaandike. Ya nyumbani hayapitii kwa karani. Niliyaandika kwa mkono wangu chini ya kila barua, asiweze kuyasoma yeye, uyasome wewe, maana siku ile uwanjani ulisema hakuna herufi usiyoijua. Mbona hujanijibu?'"

"Ni Kiswahili," alisema Kuluthumu.

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani dua."

"Dua ya kumnyima karani chai?" Bi Swaumu aliendelea. "'Lile jambo nililokuomba katika barua ya kwanza nimelingojea jibu tangu hapo. Silirudii, ni zito kuandikwa mara mbili. Niambie ndiyo au niambie hapana. Ukisema hapana sitafanya. Ukinyamaza mpaka mwezi wa tatu uishe nitajua umeridhia, na nitafanya. Baada ya hapo kambi inahama, usiandike mpaka nikutumie anwani.'" Zilizobaki zilikuwa habari za mguu aliouchubua, za saruji, na za ukuta uliojengwa vibaya na mtu mwingine; ukuta ule ndio uliokula ukurasa mzima.

"Jambo gani hilo?" aliuliza Kuluthumu.

"Si kaandika kwenye ya kwanza. Ilete."

Kuluthumu hakuinuka.

"Ilete, mwanangu, tumalize."

"Nimeinywa."

Bi Swaumu aliiweka barua juu ya karanga.

"Nilikuwa na homa," alisema Kuluthumu. "Na ilinipoza."

Ilichukua muda. Mabega ya Bi Swaumu yalitikisika, akageukia ukutani, akarudi, akageukia tena ukutani. Alipoweza kusema alisema, "Haya, hiyo ya pili je? Au ulikuwa na mafua?"

Ya pili ilikuwapo. Mistari mitatu: "'Usiliogope lile nililokuandikia. Nafasi nyumbani ipo ya kutosha. Ni mpole, hana neno na mtu, na ukimzoea utampenda.'"

"Nani huyo?" aliuliza Kuluthumu.

"Hakumtaja. Amekwisha kumtaja kwenye ile uliyokunywa." Bi Swaumu alihesabu kwa vidole vyenye chumvi. "Anaweza kuwa mke. Anaweza kuwa mtoto wa kulea, yatima wa mtu huko kambini, ajali hazikosekani. Anaweza kuwa punda. Lukumani siku zote alitaka punda wa kubebea mchanga."

Batuli aliitwa kuongeza akili. "Jibu hapana," alisema hata kabla ya kukaa. "Hapana haijamwua mtu."

"Na kama ni yatima?" alisema Kuluthumu. "Nimngoje mtoto miaka saba, aje, nimwandikie hapana?"

"Basi jibu ndiyo," alisema Bi Swaumu.

"Na kama ni mke?"

"Piga simu ya maandishi posta, umwulize."

"Nimwulize vipi? 'Ulisemaje, nimeinywa'? Karani wa posta ataisoma, na kesho mji mzima utakuja kuniuliza ladha yake."

Hilo hawakulipinga, maana wote wawili wangekuwa wa kwanza kuusimulia mji. Mwezi ulikuwa umebakiwa na siku kumi na moja. Barua huchukua wiki tatu. Ndiyo ilikuwa na hatari, hapana ilikuwa na hatari, na kunyamaza kulikuwa ni ndiyo iliyovaa baibui. Kuluthumu alirudi kwake, akalala chali akiangalia ukuta aliojenga Lukumani, ulionyooka kama mstari wa daftari, akajaribu kukumbuka ladha ya yale maji. Yalikuwa machungu kidogo. Au ilikuwa homa.

Asubuhi alifunga michembe, vile viazi vikavu vya kutafuna njiani, kanga mbili na zile barua tatu, ya kwanza ikiwa fupi kuliko wenzake. Alikuwa ameulizia njia: treni mpaka Kilosa, hapo anabadili ya kwenda Kidatu, na kutoka Kidatu anauliza walipo wajenzi wa reli. Tangu enzi za bibi yake, wanaume ndio waliokuwa wakiishika njia hii ya pwani na wanawake wakibaki kubuni. Yeye angalau ataenda kuambiwa kwa mdomo, na mdomo hauna kulia wala kushoto.

Stesheni Bi Swaumu alikuwa kazini, sinia kichwani, akipita chini ya madirisha ya mabehewa. Alipomfikia Kuluthumu dirishani alimpa fungu moja lililofungwa vizuri kuliko mengine.

"Hili nilikuwekea. Ni karatasi ile ya mwanzo kabisa, siku ile ya kwanza niliiweka kando, nikidhani yenye jina la kitabu. Wewe utasema ni ya mwisho."

Kuluthumu alimwaga karanga kwenye upindo wa kanga, akaikunjua karatasi juu ya goti. Ilikuwa ya mwisho. Kidole kikatangulia. Hamduni alikuwa amesimama mlangoni kwake na sanduku moja. Nyuma yake palikuwa na mtu. Mwanamkuu alisogeza pazia, akamtazama mtu yule kwa muda mrefu, kisha akasema, "Pita ndani, chakula kipo." Chini yake, kwa herufi kubwa: MWISHO. Aligeuza. Nyuma palikuwa patupu, na doa la mafuta.

"Haya, msomi," alisema Bi Swaumu kutoka chini ya dirisha. "Inasema kweli au inasema uongo?"

Kuluthumu aliisoma tena, kutoka kushoto. Mtu yule hakuwa na jina, wala urefu, wala nguo.

"Sijui, Bi Swaumu."

Behewa lilishtuka, likaanza kusogea. Kuluthumu alitia karanga mbili mdomoni, akaendelea kuutazama ukurasa. Bi Swaumu alitembea sambamba na dirisha, mkono mmoja umeshika sinia, mwingine umenyooshwa, kiganja juu, mpaka Kuluthumu akaelewa, akafungua fundo la kanga.

Karanga fungu moja lilikuwa senti kumi.